Kilometa 4 800 kwa baiskeli: wagonjwa wa kisukari waliovuka Marekani, na funzo kwa watoto wa Kivu

Kila mwaka, mwezi wa Juni, waendesha baiskeli wanakusanyika kando ya bahari ya Pasifiki, katika mji wa Oceanside, jimbo la California. Kutoka pale wanaelekea mashariki, usiku na mchana, hadi kufika upande wa bahari ya Atlantiki. Ni safari ya karibu kilometa 4 800. Kwa mkaaji wa Kivu, hesabu ni hii: ni kama kutoka Bukavu hadi Goma kwa barabara na kurudi, mara kumi na mbili mfululizo.

Safari hiyo inaitwa Race Across America, kwa kifupi RAAM. Haina vituo vya kulala kama mashindano makubwa ya Ufaransa au ya Rwanda, ambako mtu akifika jioni anapumzika na kuanza tena asubuhi. Hapa saa haisimami. Anayelala, saa inamhesabia. Wengi wanaoingia humo hawafuati pesa za ushindi. Wanatafuta misaada kwa ajili ya wagonjwa, watoto na hospitali, na waandaaji wanasema kila mwaka zaidi ya dola milioni 2 zinapatikana kwa njia hiyo.

Kati ya timu zote zilizopita katika barabara hiyo, kuna moja ambayo historia yake imefika hadi kwa majirani wetu wa Rwanda, na inawagusa wazazi wengi wa mashariki mwa Kongo bila wao kujua. Ni timu ya watu wanane ambao wote walikuwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, wale ambao bila sindano ya insulini hawawezi kuishi.

Jangwa, milima na upepo

RAAM ilianza mwaka 1982 na watu wanne tu. Waliondoka Santa Monica, California, wakaelekea New York. Mshindi, Lon Haldeman, alitumia siku 9 na masaa 20. Tangu wakati huo njia imebadilika mara nyingi, na kwa miaka mingi ilikuwa ikimalizikia Annapolis, katika jimbo la Maryland. Anayeendesha peke yake anapewa takriban siku 12 tu. Rekodi inashikiliwa na Christoph Strasser wa Austria, ambaye mwaka 2014 alivuka nchi nzima kwa siku 7, masaa 15 na dakika 56. Mtu huyo ameshinda mara sita.

Masaa ya kwanza ni ya kudanganya. Upepo wa bahari unapoza, barabara ni nzuri, watu wanapiga makofi. Kisha njia inashuka ghafla kutoka milimani hadi Borrego Springs, na mwendeshaji anajikuta ndani ya jangwa. Pale joto linapita nyuzi 40. Lami inarudisha moto kutoka chini huku jua likichoma kutoka juu. Maji ya chupa yanakuwa ya moto kama chai. Wengi wanaoshindwa safari hii wanaanza kushindwa katika jangwa hilo, siku ya kwanza na ya pili, kwa sababu tumbo linakataa chakula na maji.

Baada ya Arizona na Utah inakuja milima ya Colorado. Kilele cha barabara ni Wolf Creek Pass, mita 3 309 juu ya bahari. Nyiragongo ina mita 3 470, kwa hiyo ni kama kupeleka baiskeli karibu na mdomo wa volkeno yetu. Huko hewa ni nyepesi na usiku ni baridi kali, hata kama mchana wa juzi mtu alikuwa anapikwa na jangwa. Kwa jumla, miinuko yote ya njia ukiijumlisha inafika mita 53 000 hivi, sawa na kupanda urefu wa Nyiragongo mara kumi na tano kuanzia usawa wa bahari.

Baada ya milima, Kansas. Ni tambarare, na mtu angefikiri ni pumziko. Lakini pale kuna upepo unaopiga ubavuni siku nzima, mvua za radi, na barabara iliyonyooka hadi macho yanachoka kuiangalia. Waliopita pale wanasema vita ya Kansas ni ya akili. Mwishoni, mwili ukiwa umeisha, inabaki milima ya Appalachia, mifupi lakini mikali, inayofuatana bila huruma.

Mwili wenyewe unaanza kukataa. Kuna ugonjwa ambao waendeshaji wanauita shingo ya Shermer, kwa jina la Michael Shermer aliyepatwa nao mwaka 1983. Misuli ya shingo inalegea hadi kichwa kinaanguka mbele na mtu hawezi tena kukiinua aone barabara. Kukosa usingizi kunaleta maono: mwendeshaji anaona watu wasiokuwepo, anasahau anakwenda wapi, anashuka na kukataa kupanda tena.

Na kuna kifo. Mwaka 2005, munganga wa mifupa Bob Breedlove, mwendeshaji mwenye uzoefu mkubwa, alifariki huko Colorado baada ya kugongana na gari akiwa katika mashindano.

Watu wa nyuma, ambao hakuna anayewapigia picha

Hakuna anayevuka peke yake, hata yule aliyeandikwa kuwa yuko peke yake. Nyuma ya kila mwendeshaji kuna timu ya wasaidizi, mara nyingi watu wanane hadi kumi na wawili, ambao wengi hawalipwi chochote. Wamechukua likizo kazini, wameacha jamaa nyumbani, ili kukaa juma zima au zaidi ndani ya gari.

Kazi zao zimegawanywa. Kuna mkuu wa timu, ambaye neno lake ndilo la mwisho. Kuna shofere, na pembeni yake mtu wa kusoma njia, kwa sababu kupotea kilometa kumi usiku ni kuvunja moyo wa mtu aliyekwisha kuchoka. Kuna fundi wa baiskeli, mpishi, mtu wa kukanda misuli. Kuna pia mtu wa kuandika: huyo anahesabu kila chupa ya maji, kila kipande cha chakula, kila mara mwendeshaji alipokojoa. Watu wanacheka wakisikia hilo, lakini ni kwa daftari hilo timu inajua kama figo bado zinafanya kazi.

Usiku, sheria ni kali. Gari la wasaidizi lazima liwe nyuma tu ya mwendeshaji, taa zikimulika barabara mbele yake, taa nyingine za rangi ya machungwa zikiwaka na kuzima ili magari yanayokuja yajue kuna kitu kinachokwenda polepole. Mwendeshaji hatakiwi kutoka ndani ya mwanga huo. Shofere naye anaendesha kwa mwendo wa baiskeli masaa sita, saba, akipambana na usingizi wake mwenyewe. Akisinzia nukta chache, anamgonga mtu aliyekuja kumsaidia.

Timu za watu wanane zinafanya kwa zamu. Mara nyingi wanajigawa makundi mawili ya watu wanne. Kundi moja liko barabarani masaa kadhaa, lingine linalala katika gari kubwa lililotangulia. Ndani ya kundi, mmoja anaendesha kwa nguvu zote dakika ishirini au thelathini, kisha mwenzake anampokea. Baiskeli ya anayepokea lazima ifikiwe na ile ya anayemaliza ndipo aondoke. Hivyo, kwa siku tano au sita, daima kuna mtu mmoja wa timu anayesonga mbele.

Wanane wenye sindano

Phil Southerland alizaliwa mwaka 1982, mwaka ule ule RAAM ilipoanza. Alipokuwa na miezi saba, wanganga walimkuta na kisukari cha aina ya kwanza. Mama yake aliambiwa kwamba mtoto huyo pengine hatapita miaka 25.

Alikua, akapenda baiskeli, na chuoni katika jimbo la Georgia akakutana na kijana mwingine mwenye ugonjwa huo huo, Joe Eldridge, ambaye hakuwa anajipima vizuri. Wawili hao wakaanza mchezo: kila mmoja anapima sukari yake, na aliyeshindwa kuiweka sawa analipia mwenzake chakula. Mchezo huo ulimrudisha Eldridge kwenye njia ya matibabu. Kutoka kwa mchezo huo ikazaliwa Team Type 1, yaani timu ya aina ya kwanza.

Mwaka 2006 wakaingia RAAM watu wanane, wote wa insulini. Kwa nini jambo hilo lilikuwa gumu? Mtu mzima mwenye afya, anapotumia nguvu, mwili wake unapunguza insulini wenyewe na kufungulia akiba ya sukari. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana breki hiyo. Insulini aliyojidunga asubuhi inaendelea kufanya kazi hata kama misuli tayari inakula sukari yote. Joto la jangwa linafanya insulini iingie katika damu haraka zaidi. Sukari inaweza kuanguka ghafla: jasho, mikono kutetemeka, njaa, kuchanganyikiwa, kisha kuzimia. Akiwa juu ya baiskeli anayoteremsha mlimani kilometa 70 kwa saa, kuzimia ni kufa.

Upande mwingine, hofu na msisimko wa mashindano vinapandisha sukari. Ikipanda sana, mtu anakauka maji, anakosa nguvu. Kwa hiyo kila mmoja wao alipaswa kujipima kabla ya kupanda, akishuka, na hata wakati wa kulala, kwa sababu baada ya kazi nzito sukari inaweza kushuka masaa mengi baadaye, mtu akiwa usingizini.

Kazi ya wasaidizi ikawa mara mbili. Usiku wa nne, kila mwendeshaji wa RAAM anaongea maneno yasiyoeleweka kwa uchovu. Lakini mwenye sukari ya chini naye anaongea maneno yasiyoeleweka. Nani amechoka tu, na nani yuko karibu kupoteza fahamu? Macho peke yake hayawezi kujibu. Kinachojibu ni tone la damu katika kipimo. Na insulini yenyewe ilipaswa kulindwa katika baridi wakati nje ni nyuzi 40, kwa sababu ikipikwa na jua inapoteza nguvu, na hakuna anayeweza kujua kwa kuiangalia.

Mwaka huo walimaliza wa pili, wakiachwa kwa dakika 3 tu baada ya siku zaidi ya tano. Mwaka 2007 wakarudi na wakashinda. Southerland alikuwa na miaka 25, umri ule ule ambao mama yake aliambiwa atakuwa amemzika. Mwaka 2009 wakashinda tena, wakivuka Marekani kwa siku 5, masaa 9 na dakika 5, mwendo ambao timu za watu wenye afya kamili hazikuweza kuufikia mwaka huo.

Kutoka California hadi milima ya Rwanda

Ushindi huo ulifungua mlango. Timu ikawa ya waendeshaji wa kulipwa, na tangu mwisho wa mwaka 2012 inajulikana kama Team Novo Nordisk, timu ya kwanza ya kulipwa duniani ambayo waendeshaji wake wote wana kisukari.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, Team Type 1 ilikuja katika Tour du Rwanda. Ilirudi mwaka 2011, na mwendeshaji wake Kiel Reijnen, Mmarekani asiye na kisukari, akashinda mashindano hayo. Waliokuwa kando ya barabara waliona jezi na baiskeli za bei kali. Lakini timu hiyo ilikuja pia na vipimo vya sukari na bandeleti zake kwa ajili ya watoto wa Rwanda wenye kisukari, na Southerland alitumia safari hizo kueleza nchi nyingine kwamba hapa mtoto anaweza kufa kwa kukosa kitu ambacho Marekani kiko katika kila duka la dawa.

Wapenda baiskeli wa Goma wanaijua Tour du Rwanda vizuri, kwani mara nyingi inapita Rubavu, hatua chache tu kutoka mpaka wetu. Wanajua pia kwamba Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia, ya kwanza katika bara la Afrika. Lakini ni wachache wanaojua kwamba baiskeli hizo zilibeba pia habari ya sindano.

Kwetu baiskeli haijawahi kuwa mchezo tu. Kisangani, toleka zinabeba watu. Kasai, wanaume wanasukuma baiskeli zenye mizigo mizito siku nyingi kati ya Tshikapa, Kananga na Mbuji-Mayi. Goma, chukudu imepewa hata sanamu yake. Watu wanaojua uzito wa mlima hawahitaji kuelezwa kwa nini anayepanda kwa ajili ya mgonjwa anastahili heshima.

Dawa ya miaka mia moja

Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mgonjwa wa kwanza, mvulana wa miaka 14, alidungwa mwezi wa Januari 1922. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima tangu mwaka 1977. Si dawa mpya. Na bado, katika vijiji vingi vya Kivu, Ituri au Tanganyika, mtoto anaweza kufa bila mtu kujua kwamba alikuwa na kisukari.

Sababu ya kwanza ni kwamba ugonjwa huo unafanana na magonjwa tuliyozoea. Mtoto anachoka, anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu. Nyumbani watu wanasema ni malaria. Anapewa dawa ya malaria, siku mbili zinapita, na siku mbili ni nyingi. Kipimo cha sukari kinatumia tone moja la damu na nukta chache tu, lakini kituo cha afya kisicho na bandeleti hakiwezi kupima.

Sababu ya pili ni vita. Mweso, katika tarafa ya Masisi, hospitali inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) iliwahi kuhudumia wagonjwa wa kisukari katikati ya mapigano, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha jinsi ukosefu wa usalama ulivyofanya matibabu hayo kuwa magumu. Anayekimbia risasi usiku anabeba mtoto, haendi kutafuta chupa ya insulini. Na mkimbizi hachagui chakula: anakula kinachopatikana, wakati kinapopatikana. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mabenki yakafunga milango. Kwa mgonjwa anayehitaji dawa kila siku, barabara iliyofungwa ni hesabu ya chupa zilizobaki.

Sababu ya tatu ni baridi. Insulini ambayo haijafunguliwa inahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Nani ana frigo kijijini? Na aliye nayo mjini, ana umeme masaa mangapi? Hapo kuna habari njema. Mwaka 2021, MSF pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza kwamba insulini waliyoijaribu kwa kufuata joto la kambi ya Dadaab, nchini Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37, ilibaki na nguvu yake kwa majuma manne. Tena, vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati, vinaweza kupunguza joto la chupa, hasa pale hewa ni kavu. Mgonjwa anapaswa kumuuliza munganga wake kuhusu aina ya insulini aliyo nayo, lakini kukosa frigo si sababu ya kumnyima mtoto sindano.

Alama ambazo mzazi anapaswa kujua

Wanganga wanataja alama nne za kwanza: mtoto ana kiu isiyoisha, anakojoa mara nyingi hata kitandani wakati alikuwa ameshaacha, anakonda ingawa anakula, na anachoka bila kazi. Zikifuata kutapika, kupumua kwa kina na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, hiyo ni hatari ya masaa, si ya siku. Apelekwe hospitali mara moja, na mzazi aombe wazi apimwe sukari. Kisukari cha aina ya kwanza hakitokani na kula sukari nyingi wala na uchawi, na miti shamba haiwezi kuchukua nafasi ya insulini.

Kwa aliyekwisha kuanza matibabu, hatari ya kila siku ni ile ile ya waendeshaji wa jangwani: sukari kuanguka. Akitokwa na jasho la baridi, akitetemeka au kuongea ovyo, na bado anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari haraka: vijiko vitatu vya sukari katika maji, au soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe tena au aangaliwe, kisha ale chakula. Akiwa amezimia asimwagiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mwalimu anayejua alama hizo, jirani anayejua, ndugu anayeamka usiku kumwangalia mtoto: hao ndio gari la nyuma lenye taa. Wale wanane walivuka Marekani kwa sababu kila mmoja alikuwa na dawa, kipimo, na mtu aliyekuwa macho kwa ajili yake. Watoto wetu wenye ugonjwa huo hawaombi kuvuka jangwa. Wanahitaji vitu hivyo hivyo vitatu ili wafike shuleni kesho.